Kubadilisha mtumbwi wa uvuvi kwa usalama: pima kabla ya kuongeza

Katika mialo ya Ziwa Victoria, mtumbwi haubaki kama ulivyotoka kwa fundi. Aliyekuwa akipiga kasia hununua injini. Aliyekuwa na karabai huhamia kwenye taa za betri. Mwingine huongeza ubao juu ya ubavu ili abebe dagaa wengi zaidi, na mwingine huweka sanduku la barafu ili sangara wafike mwaloni wakiwa wazuri.

Mabadiliko haya yana faida, na hatuandiki makala hii kuyakataza. Tunaandika kwa sababu mtumbwi uliobadilishwa ni mtumbwi mwingine, hata kama jina na rangi ni vile vile. Ulizoea unavyokaa majini na unavyopanda wimbi. Ukishaufunga injini na kuweka betri mbili, mazoea hayo hayatoshi tena. Wengi huligundua hilo usiku, upepo ukiwa umeshaanza.

Jambo kuu la kukumbuka ni hili: kuongeza vitu kwenye mtumbwi hakuuongezei uwezo wa kubeba. Kila kilo ya injini, betri au mbao unayoweka, kilo nyingine lazima itoke kwenye mzigo wa samaki, nyavu au watu. Ukishika hilo, mengine yote katika makala hii utayaelewa kwa urahisi.

Tumeandika zaidi kuhusu mitumbwi ya mbao, kwa kuwa ndiyo mingi katika ziwa letu. Kuelekea mwisho kuna sehemu ya boti za faiba na aluminiamu.

Uzito hupimwa kwa sentimita

Mtumbwi huelea kwa kusukuma maji pembeni. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo kila kilo unayopakia huulazimisha mtumbwi kusukuma lita moja zaidi, na kuufanya ushuke kidogo.

Unaweza kukadiria utashuka kiasi gani. Pima urefu na upana wa mtumbwi pale maji yanapofika, kwa mita. Zidisha urefu kwa upana, kisha zidisha kwa 0.7, kwa sababu mtumbwi umechongoka na si boksi. Mwisho zidisha kwa 10. Jibu ni kilo zinazoushusha mtumbwi wako kwa sentimita moja.

Mfano: mtumbwi wa mita 6 kwa mita 1.5. Mara 6 kwa 1.5 ni 9. Mara 0.7 ni 6.3. Mara 10 ni 63. Kila kilo 63 zitaushusha mtumbwi huo kwa karibu sentimita moja, ikiwa uzito umewekwa katikati.

Sasa orodhesha unachotaka kuongeza. Injini ya HP 15 ya aina iliyozoeleka ziwani ina takriban kilo 36 hadi 40. Ya HP 40 hupita kilo 70. Betri moja kubwa ya asidi ya Ah 100 ina kilo 25 hadi 30. Dumu la lita 20 la petroli lina takriban kilo 15, kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko maji. Mtu mzima mhesabie kilo 70.

Hesabu ya sentimita inaweza kukufanya uone hatari ni ndogo: injini, mafuta na betri mbili huenda zikaushusha mtumbwi sentimita mbili au tatu tu. Lakini hiyo ni kama uzito uko katikati. Injini, dumu la mafuta na nahodha vyote hukaa nyuma. Uzito uleule ukikaa nyuma kabisa, sehemu ya nyuma hushuka mara kadhaa zaidi ya hapo, na mbele huinuka. Ndiyo maana mtumbwi unaweza kuonekana mrefu na mkavu ukiutazama ubavuni, huku nyuma maji yakiwa karibu kuingia.

Kabla ya kushika msumeno

Kwanza, kagua mtumbwi ulivyo. Toa nyavu, kamba na mbao za sakafuni zote. Chomeka ncha ya kisu kwenye mkuku, kwenye mataruma na kwenye ubao wa nyuma. Kisu kikizama kwa urahisi, mbao imeoza. Angalia misumari iliyolegea na sehemu ambazo pamba ya kalafati imetoka. Mtumbwi uliochoka usifungwe injini. Injini huusukuma na kuutikisa kwa nguvu ambazo kasia haina, na mbao iliyooza hufunguka mbali na nchi kavu.

Pili, chora mstari. Siku ya maji matulivu, pakia mtumbwi kama unavyoupakia siku ya kazi nzuri, yaani watu, nyavu na mzigo wa samaki ambao wewe na wenzako mna hakika kuwa umezoeleka na salama. Badala ya samaki tumia madumu ya maji, kwa kuwa dumu la lita 20 lililojaa lina kilo 20 na hesabu inakuwa rahisi. Watu wakae sehemu zao. Kisha weka alama ya rangi mbavuni, pande zote mbili, pale maji yanapofika: mbele, katikati na nyuma.

Huo ndio mstari wako. Baada ya mabadiliko, maji yasipande juu ya alama hizo. Yakipanda, punguza mzigo mpaka yashuke, halafu uandike umepunguza madumu mangapi. Hayo ndiyo malipo ya kweli ya mabadiliko yako, na ni vizuri kuyajua kabla ya kununua chochote. Kama injini itakunyima kilo 100 za samaki kila safari, ingiza hilo kwenye hesabu ya faida.

Tatu, pima mtumbwi unavyoyumba. Hili unaweza kulifanya kwa saa ya simu. Mtumbwi ukiwa kwenye maji ya kiunoni, kamba zimelegezwa na maji ya ndani yamechotwa, watu wawili wausukume ubavu mmoja kisha wauachie. Hesabu kuyumba kwake: kutoka upande mmoja, kwenda wa pili, na kurudi ulipoanzia ni mara moja. Pima sekunde za kuyumba mara 4. Rudia mara tatu, uandike.

Mtumbwi unaorudi haraka umetulia vizuri majini. Unaorudi polepole, kama mtu anayefikiria kama arudi au alale, uko karibu na kupinduka. Watu wengi huchukulia kinyume: huona mtumbwi unaoyumba taratibu ni mtulivu kwa sababu haurushi watu. Namba uliyoandika utailinganisha na ya baada ya mabadiliko, mzigo ukiwa uleule.

Kufunga injini

Ubao wa nyuma ndio unaobeba kazi yote. Kwa injini ndogo uwe na unene wa sentimita 4 hadi 5, wa mbao ngumu isiyo na nyufa. Lakini unene peke yake hautoshi. Injini inaposukuma mbele, inaung'oa ubao huo kutoka kwenye mbavu. Fundi aweke magoti ya mbao, yaani vipande vya pembe vinavyouunganisha ubao wa nyuma na mkuku, na vingine vinavyouunganisha na mbavu za kulia na kushoto. Viungo hivyo vifungwe kwa bolti zinazotokea upande wa pili, zenye nati na washa pana. Msumari peke yake utalegea kwa mtikisiko.

Baada ya hapo pima urefu. Injini nyingi ndogo huja kwa shafti fupi, inayofaa ubao wa nyuma wenye kimo cha takriban sentimita 38 kutoka chini ya mtumbwi, au shafti ndefu, ya takriban sentimita 51. Juu ya propela kuna bamba la chuma lililolala. Bamba hilo likae usawa wa chini ya mtumbwi au sentimita mbili tatu chini yake. Likiwa juu zaidi, propela huvuta hewa na injini hulia bila kusukuma. Likiwa chini sana, injini hubeba maji bure na kula mafuta.

Hapa ndipo mitumbwi mingi inapoharibiwa. Mtu amenunua injini ya shafti fupi kwa bei nzuri, na ubao wa nyuma ni mrefu. Fundi anaukata ili injini ikae. Tuseme nyuma ya mtumbwi huzama sentimita 20. Ubao uliokatwa hadi sentimita 38 unabaki sentimita 18 juu ya maji. Injini, mafuta na nahodha vikishusha nyuma sentimita 10 nyingine, zinabaki 8. Wimbi dogo tu, au lile la injini yako mwenyewe unapopunguza mwendo ghafla, linaingia.

Suluhisho la kwanza ni kununua injini ya shafti ndefu na kuuacha ubao wa nyuma juu. Kama tayari una shafti fupi, jenga ukuta wa pili ndani, mbele ya injini, wenye kimo sawa na mbavu. Maji yatakayopita ubao uliokatwa yataishia kwenye kisanduku hicho na kutoka kwa matundu, badala ya kuingia mtumbwini. Ukuta huo uzibwe vizuri chini na pembeni, la sivyo ni pambo.

Mambo mengine ya injini ni madogo kwa gharama, makubwa kwa faida:

- Funga mnyororo au kamba imara kutoka kwenye injini hadi kwenye goti la mbao. Skrubu za mkono hulegea, na injini huruka majini pamoja na mkopo wako.
- Tumia kamba ya kuzimia injini, ile inayofungwa mkononi au kiunoni mwa nahodha. Akianguka, injini inazimika. Bila hiyo, mtumbwi huondoka peke yake au huzunguka na kumrudia aliye majini.
- Hamisha dumu la mafuta mbele kidogo, na mzigo mzito ukae katikati, ili kumpunguzia nahodha uzito wa nyuma.
- Usiweke injini kubwa kuliko mtumbwi unavyostahimili. Nguvu zaidi ina maana ya uzito zaidi nyuma na kona kali zaidi. Pia hukushawishi kwenda mbali zaidi na nchi kavu.
- Kasia zibaki ndani. Injini siku moja itagoma.

Kuinua ubavu

Kuongeza ubao juu ya ubavu huzuia maji ya mawimbi kurukia ndani, na kwa hilo ni jambo jema. Madhara yake huja kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni mbao zenyewe. Zina uzito, na uzito huo unakaa juu. Uzito wa juu huufanya mtumbwi uyumbe polepole, kama tulivyoeleza. Tumia mbao nyepesi iliyokauka vizuri. Mataruma yaongezwe urefu ili yaushike ubao mpya, usishikiliwe na misumari ya ukingoni tu. Usipanue kimo bila kuangalia upana: mtumbwi mwembamba ulioinuliwa sana ni kama ndoo ndefu yenye kitako kidogo.

Njia ya pili ni ya kibinadamu. Ubavu ukiwa juu, macho huona nafasi, na nafasi hujazwa. Maji yakifika pale ambapo zamani palikuwa ukingo, mtu hujiambia bado kuna sentimita 20. Lakini kimo kilichoongezwa ni kwa ajili ya wimbi, si kwa ajili ya dagaa. Alama za rangi ulizochora mwanzoni zibaki pale pale hata baada ya ubao mpya.

Ziwa letu limeshatupa somo hilo kwa uchungu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 200 walipoteza maisha. Kivuko hicho kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Chuma na injini kubwa havikikinga na sheria ileile inayoutawala mtumbwi wa mbao.

Sakafu, benchi na sanduku la samaki

Wapo wanaoinua sakafu ili miguu isilowane. Kila sentimita unayoinua sakafu, unainua pia watu wote na mzigo wote. Sakafu ikae chini kadiri inavyowezekana, iwe ya vipande vinavyotoka kwa urahisi ili uone na kuchota maji yaliyo chini yake. Sakafu iliyopigiliwa huficha maji.

Na maji yaliyofichika ni mzigo mbaya kuliko yote. Maji ya kimo cha sentimita 5 tu, kwenye eneo la mita 5 kwa mita 1, ni lita 250, yaani kilo 250. Tena hayatulii. Mtumbwi ukiinamia kulia, maji yote hukimbilia kulia na kuuinamisha zaidi. Dagaa waliomwagwa ovyo nao huteleza hivyo hivyo. Gawanya sehemu ya mzigo kwa mbao za kati, au tumia makreti.

Usikate benchi za kukalia ili kupata nafasi. Benchi zile hushikilia mbavu mbili zisifunguke wala kubanwa na wimbi. Ukihitaji kuiondoa moja, fundi aweke kiungo kingine cha kuzishika mbavu kabla ya kuikata.

Sanduku la barafu likae katikati, chini, na lifungwe. Lihesabie uzito likiwa limejaa barafu na samaki. Wengi hulipima likiwa tupu dukani.

Taa, betri na genereta

Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku usio na mbalamwezi, kwa hiyo umeme umekuwa sehemu ya mtumbwi. Betri iwekwe chini, katikati, ndani ya boksi la plastiki au la mbao, na ifungwe kwa mkanda. Mtumbwi ukiinama, betri ya kilo 30 inayoteleza inaweza kuvunja mguu wa mtu, na inaongeza kuinama kule kule. Boksi liwe na matundu juu, kwa sababu betri ya asidi inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka.

Weka fyuzi karibu na betri kwenye waya wa chanya. Waya zikikwaruzana bila fyuzi, huwa jiko. Viungo vya waya vikae juu, mbali na maji ya chini, na vizibwe. Usitumie waya mwembamba wa ndani ya nyumba kwa taa nyingi. Ukigusa waya ukauona una joto, ni mwembamba mno.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kujikusanya chini ya mtumbwi, ambako cheche moja ya betri inatosha. Mafuta na betri visikae pamoja. Genereta isijazwe mafuta ikiwa inawaka au ikiwa bado ya moto, na karabai au sigara visikaribie. Kwenye mtumbwi hakuna mlango wa kukimbilia.

Madumu ya kukuweka juu

Haya ni mabadiliko ya bei ndogo kuliko yote, na kwa maoni yetu ndiyo ya kwanza kufanywa. Mbao huelea. Lakini mtumbwi wa mbao wenye injini, betri na nyavu zilizolowa, ukijaa maji, unaweza kuzama au kubaki chini sana kiasi kwamba hauwezi kushikwa.

Dumu tupu la lita 20, lililofungwa vizuri, hubeba karibu kilo 19 likiwa limezamishwa. Madumu mawili yanatosha kuishika injini ya HP 15 isivute nyuma chini. Mawili mengine kwa betri na vyuma. Mtu aliye majini akishikilia mtumbwi anahitaji msaada wa kilo chache tu, kwa hiyo mhesabie kilo 10, yaani dumu moja kwa watu wawili takriban. Kwa wavuvi wanne, jumla ni madumu sita.

Mahali pa kuyaweka ni muhimu. Yafungwe ubavuni, juu, chini kidogo ya ukingo, nusu kulia na nusu kushoto, na yale ya injini yawe nyuma. Ukiyaweka chini sakafuni, maji yakijaa yatasukuma sakafu juu na kuupindua mtumbwi. Kamba ziwe nyingi na zibane, kwa kuwa dumu hujaribu kutoka kwa nguvu ya kilo 19. Kagua vifuniko kila mwezi, na ulibadilishe dumu lililopasuka kwa jua. Ukitumia maboksi meupe ya foamu badala ya madumu, yafunike vizuri, maana petroli huyayeyusha.

Madumu hayachukui nafasi ya jaketi okozi. Kila mtu awe na lake, na liwe mwilini. Lililo chini ya nyavu halimsaidii mtu aliyekwishaanguka.

Kama boti yako ni ya faiba au aluminiamu

Kanuni za uzito ni zile zile. Tofauti kubwa ni kwamba faiba na aluminiamu zenyewe hazielei. Boti hizo zikijaa maji huzama, isipokuwa zina foamu au vyumba vya hewa. Katika boti nyingi ndogo za aluminiamu, foamu hiyo imefichwa ndani ya benchi, na benchi ndizo zinazoikaza boti. Anayeng'oa benchi kupata nafasi ameondoa vitu viwili kwa mara moja.

Aluminiamu haipatani na shaba. Skrubu za shaba, rangi ya kuzuia majani yenye shaba, hata mbao zilizotiwa dawa yenye shaba, huila aluminiamu zikigusana nayo kwenye unyevu. Bolti za chuma kisichoshika kutu nazo zitengwe kwa washa za plastiki na gundi ya kuzibia. Waya hasi wa betri usifungwe kwenye mwili wa boti, kwa kuwa umeme unaovuja huharakisha kuliwa huko. Vyote virudishwe kwenye betri kwa waya wake.

Aluminiamu haichomelewi na fundi wa mageti kwa vijiti vya kawaida vya chuma. Inahitaji vifaa vyake na gesi ya kinga, na anayejua. Na usitoboe popote chini ya usawa wa maji kama kuna njia nyingine.

Jaribu kabla ya kurudi kazini

Mabadiliko yakiisha, rudi kwenye maji ya kiunoni, asubuhi isiyo na upepo, wote mkiwa na jaketi okozi. Fanya kwa mpangilio huu:

1. Uache mtumbwi majini kwa saa kadhaa, kisha angalia maji yaliyopenya. Ziba kwanza.
2. Pakia mzigo wa kawaida kwa madumu ya maji. Tazama alama za rangi, hasa ya nyuma. Punguza au sogeza mpaka maji yawe kwenye alama au chini yake.
3. Rudia jaribio la kuyumba kwa saa ya simu. Kama mwanzo mara 4 zilichukua sekunde 7 na sasa zinachukua 10, uzito umepanda juu mno. Shusha vitu, au punguza.
4. Watu wote wasogee upande mmoja taratibu, kama wanavyofanya wakati wa kuvuta wavu. Pima kwa rula ukingo ulivyobaki juu ya maji. Kama maji yanakaribia kuingia kwenye maji matulivu, hakuna nafasi ya wimbi.
5. Washa injini, nenda polepole, kisha kata mwendo ghafla. Tazama kama wimbi la nyuma linaingia.
6. Piga kona kwa mwendo mdogo, kisha wa wastani, karibu na nchi kavu.

Safari za kwanza ziwe fupi na za mchana. Dhoruba za Ziwa Victoria huja zaidi usiku na alfajiri, kwa sababu hewa ya nchi kavu iliyopoa hukutana juu ya maji yenye joto. Ni saa zile zile za dagaa. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla ya kutoka.

Ukaguzi, na anayepaswa kujua

Hapa Tanzania, ukaguzi na usajili wa vyombo vya majini uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC. Upande wa Kenya ni Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Ukibadilisha injini, kimo au urefu, mtumbwi uliokaguliwa mwaka jana si huu. Mwite mkaguzi auone tena. Afisa uvuvi wa eneo lako, au viongozi wa kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi mwaloni, watakuelekeza pa kuanzia.

Kuna jambo jingine ambalo karatasi haziandiki. Mwenye mtumbwi na wanaoingia nao ziwani mara nyingi si watu wale wale. Tajiri ndiye anayeamua kuinua ubavu, kijana wa kazi ndiye anayelala juu ya maji. Kama wewe ni mwenye mtumbwi, waoneshe vijana alama za rangi na uwaambie wazi kwamba wana ruhusa ya kuacha mzigo maji yakizifikia. Kama wewe ni mvuvi, uliza alama ziko wapi kabla ya kupanda. Swali hilo si utovu wa adabu.

Hifadhi orodha hii kwenye simu

- Chora alama za maji kabla ya mabadiliko, na usizihamishe.
- Kila kilo inayoongezwa, kilo nyingine itoke.
- Uzito uwe chini na katikati. Kitu kizito kifungwe.
- Usikate ubao wa nyuma bila kujenga ukuta wa ndani.
- Madumu ya kuelea yawe juu ubavuni, pande zote mbili.
- Pima kuyumba kabla na baada.
- Jaketi okozi mwilini, kasia ndani, kopo la kuchotea maji karibu, simu ndani ya mfuko usiopitisha maji.
- Mwambie mtu wa nchi kavu unakokwenda na saa ya kurudi. Namba za dharura Tanzania ni 112 kwa polisi na 114 kwa Zimamoto na Uokoaji.

Mtumie makala hii fundi wako kabla hajaanza kazi, na msome pamoja sehemu ya ubao wa nyuma. Kuupima mtumbwi huchukua asubuhi moja, madumu ya maji, kopo la rangi na saa ya simu.